Kulungu wa kufugwa anaposusa chakula: dalili, vyanzo na hatua za kuchukua

Wahudumu wengi wanaokabidhiwa kulungu wametokea kwenye ng'ombe au mbuzi, na matatizo mengi ya ulishaji huanzia hapo hapo. Mnyama ana kwato mbili, anacheua, tumbo lake lina vyumba vinne. Basi anawekewa nyasi kavu (hei), pumba na mahindi, kisha anasubiriwa anenepe. Wiki chache baadaye nyasi zimelala horini, mahindi hayabaki hata punje, mavi yamekuwa uji na mbavu zimeanza kuhesabika.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo. Nawazungumzia kulungu wa Ulaya, Asia na Amerika, wale ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, wanaotunzwa kwenye bustani za wanyama, mashamba na vituo vya utafiti. Anayetunza swala au digidigi kwa kibali huku kwetu atakuta mengi yanamhusu pia.

## Kwanza mjue ni mlaji wa namna gani

Usibadilishe chakula kabla ya kujibu swali hili. Mwaka 1972 Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akifundisha anatomia ya mifugo Nairobi, pamoja na mwenzake D. R. M. Stewart, walichapisha mgawanyo wa wanyama wacheuao wa Afrika Mashariki kwa kuyatazama matumbo yao. Walikuta makundi matatu. Kuna wachaguaji wa majani ya miti na vichaka, kama digidigi na twiga. Kuna walaji wa nyasi, kama nyumbu na nyati. Na kuna wa katikati, kama swala pala, wanaohama kati ya nyasi na majani kufuata msimu. Baadaye Hofmann aliutumia mgawanyo huo kwa kulungu wa Ulaya, na hadi leo wataalamu wa lishe wa bustani za wanyama huanzia hapo. Kwa hiyo elimu ya kumlisha kulungu wa Ujerumani ilianzia kwenye matumbo ya wanyama wetu.

Kulungu mdogo wa Ulaya (Capreolus capreolus) na elki, yule mkubwa kuliko kulungu wote, ni wachaguaji halisi. Kulungu mkia-mweupe wa Amerika yuko karibu nao. Kulungu mwekundu, sika wa Japani na dama mwenye pembe pana ni wa katikati. Kulungu madoa wa India na kulungu wa Père David wa China wameegemea nyasi.

Mchaguaji ana rumeni ndogo (chumba cha kwanza na kikubwa cha tumbo), chakula hakikai sana humo, midomo yake ni myembamba inayoweza kuchambua jani moja moja, na tezi zake za mate ni kubwa. Anakula kidogo kidogo. Kulungu mdogo wa Ulaya hufikisha karibu milo kumi kwa siku. Jani la mti huchachuka haraka rumenini kisha hupita. Nyasi ndefu kavu zinahitaji muda na nafasi ambavyo tumbo hilo halina, kwa hiyo zinajaa humo, mnyama anajisikia ameshiba, na mwili haupati kitu. Ndiyo maana chakula kile kile kinaweza kumnenepesha kulungu wa Père David na kumuua elki.

## Hei inabaki, mahindi yanaisha

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na ndilo linalohukumiwa vibaya kuliko yote. Mhudumu anasema mnyama anadeka. Kabla ya kukubaliana naye, chukua mabaki ya asubuhi, yamwage kwenye turubai, uyachambue kwa mkono.

Ukikuta vijiti na mashina matupu, majani yote yameondoka, mnyama hajasusa. Amechambua kile ambacho tumbo lake linakiweza. Kosa ni la anayemrudishia mashina yale yale jioni eti amalize kwanza. Kwa kulungu, ruhusu hata robo ya hei ibaki na uitupe kwenye mboji. Hiyo ni gharama ya kumfuga, na inapaswa kuwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Anayelazimishwa kumaliza mashina hula kidogo zaidi kwa jumla, na kinachopungua ni kile chenye faida.

Ukikuta hei nzima haijaguswa, inuse. Ukungu, vumbi, harufu ya moshi wa joto la ndani ya robota, au mkojo wa panya vinatosha kumfukuza kulungu, hata kama ng'ombe angekula. Robota linaweza kuwa safi nje na kuwa na ukungu katikati, hivyo lifungue lote. Angalia pia hori lenyewe. Chakula kilicholowana na mvua jana kikafunikwa na kingine leo huacha tabaka chungu chini, na kulungu hugundua kabla yako.

Ikiwa hei ni ya kijani, laini, yenye harufu tamu, na bado haijaguswa, rudi kwenye aina ya mnyama. Kwa mchaguaji, hei ya nyasi hata iwe nzuri namna gani si chakula cha msingi. Bustani za wanyama zimejifunza hili kwa uchungu kupitia elki: wakilishwa hei ya nyasi na chakula cha wanga huharisha miezi mingi, hukonda na kufa wangali vijana. Kule Alaska, watafiti wa kituo cha elki cha Kenai walitengeneza chakula cha vidonge chenye vumbi la mbao za mti wa aspeni, kwa sababu nyuzi za mti ndizo tumbo la elki linazozijua. Wazo hilo lilionekana la ajabu kwa watu wa ng'ombe, lakini elki waliishi.

Hatua ya kuchukua ni hii. Badala ya hei ya nyasi, weka alfalfa (jani la malisho la jamii ya kunde) iliyokaushwa vizuri ikiwa bado na majani yake. Alfalfa iliyopukutika majani njiani ni vijiti tu. Kisha ongeza matawi mabichi kila siku. Katika nchi za baridi, mierebi, mipopla, miwaridi na mialoni hupendwa sana. Huku kwetu mforosadi na matawi machanga ya migunga hufanya kazi hiyo kwa swala. Yafunge mafungu, uyaning'inize kwenye usawa wa kichwa cha mnyama, usiyatupe chini yakakanyagwa na kunyewa. Simama kimya umtazame akila: hunusa fungu zima, huchagua ncha ya tawi, huvuta jani kwa midomo na kuacha kijiti kikining'inia. Dakika kumi za kutazama zinakuonyesha ni mti gani anauendea kwanza na upi anauonja na kuuacha.

Kwa msimu wa baridi, kata matawi kiangazi cha huko, mwezi wa sita na wa saba, wakati majani yana lishe, uyakaushe kivulini au uyafanye sileji ndani ya mapipa yaliyobanwa yasiingie hewa. Anayengoja hadi majani yaanze kuanguka ndipo atafute matawi amechelewa.

Usiogope majani yenye ukakasi. Tanini, kile kitu kinachokausha ulimi, huwasumbua ng'ombe na kondoo, lakini mate ya kulungu wachaguaji yana protini zinazoikamata kabla haijaleta madhara. Kuna jaribio lililofanywa kwa kulungu wadogo wa Ulaya waliofugwa: walipoachiwa wachague kati ya vidonge vya kawaida na vilivyotiwa asidi ya tanini, walikula vyenye tanini kwa kiasi kidogo kwa hiari yao. Mnyama anayepewa vidonge na nafaka tu ananyimwa kitu anachokitafuta.

Na kwa nini mahindi hayabaki kamwe? Kwa sababu kulungu hutafuta nishati inayoyeyuka haraka, na porini nishati ya namna hiyo ni adimu: tunda moja hapa, chipukizi pale. Hakuna kitu porini kinachomjia kikiwa ndoo nzima ya wanga. Kwa hiyo hana breki. Kwa majani, yaamini machaguo ya kulungu. Kwa nafaka, usiyaamini hata kidogo.

## Mavi laini, tumbo limejaa, mnyama amepoa

Mavi ya kulungu mzima ni punje zinazoachana, zenye kung'aa kidogo. Chipukizi la masika, yaani majira yanayofuata baridi huko kwao, linaweza kuyagandamanisha, na hilo si ugonjwa. Okota punje mbili tatu, uzivunje kwa vidole ukiwa na glavu. Ukiona nyuzi ndefu ambazo hazijasagwa, mtazame meno. Ukiona vipande vya mahindi, nafaka imezidi. Ukiona uji wa kijivu au wa njano wenye harufu ya uchachu, na mnyama amesimama peke yake kichwa chini, anasaga meno na hacheui, hiyo ni dharura.

Kinachotokea ni kwamba wanga mwingi umeingia rumenini kwa mara moja. Bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki wanaongezeka kwa saa chache, asidi inapanda, bakteria wanaomeng'enya nyuzi wanakufa, na asidi inaingia kwenye damu. Mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu akiwa na tumbo lililojaa. Katika Amerika ya Kaskazini hali hii hujirudia mwishoni mwa majira ya baridi, pale watu wenye huruma wanapowamwagia kulungu wa porini mahindi: wadudu wa rumeni wao wamezoea vijiti na magome, na hupatikana wamekufa wakiwa wameshiba. Kwenye zizi, sababu huwa ni mlango wa stoo ulioachwa wazi, wageni wanaorusha mkate juu ya uzio, au mhudumu mpya aliyeambiwa "kopo mbili" na kopo lake ni kubwa kuliko la mwenzake.

Ondoa nafaka yote. Weka matawi na hei, na maji safi. Mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, si kesho. Usijaribu kumkamata na kumnywesha dawa kwa nguvu wewe mwenyewe. Kulungu anayekimbizwa na kuangushwa anaweza kuharibika misuli na kufa kwa mshtuko huo, hata kama ugonjwa wa tumbo ungepona.

Anayepona anaweza kubaki na jipu la ini au kwato zinazorefuka na kupinda miezi kadhaa baadaye. Ukiona kulungu mwenye kwato ndefu anayetembea kwa uangalifu, uliza alilishwa nini mwaka uliopita.

Ili lisirudi, badiliko lolote la chakula lichukue wiki mbili hadi tatu, ukiongeza kipya kidogo na kupunguza cha zamani. Nafaka, kama ni lazima, igawanywe mara kadhaa kwa siku na itanguliwe na majani. Mimi ningependa isiwepo kabisa: vidonge vyenye nyuzi nyingi, vilivyotengenezwa kwa alfalfa na makapi ya kiazisukari, vinatoa nishati bila hatari ile. Mkate, biskuti na mabaki ya jikoni yasiingie zizini.

Kuharisha kwa muda mrefu bila mnyama kupoa, huku hamu ya kula ikiwepo, kuna visababishi vingine. Peleka sampuli ya mavi maabara wapime minyoo, na kwa kulungu wekundu wa umri wa karibu mwaka mmoja wapime pia paratubakulosi, ugonjwa unaowakondesha haraka katika umri huo.

## Dume ameacha kula

Tazama kalenda kabla ya kutazama mnyama. Wakati wa kupandana, ambao kwa kulungu mwekundu wa Ulaya ni Septemba na Oktoba, dume hunguruma, hufukuza wenzake, hujigaragaza kwenye matope na karibu husahau chakula. Anaweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya uzito wake kwa wiki chache. Hiyo ni kawaida. Kazi yako ni kumfikisha msimu huo akiwa na akiba ya kutosha mwilini, kisha kumpa chakula bora mara tu kelele zinapoisha, kwa sababu baridi inaanza naye hana kitu.

Majira ya baridi yenyewe hupunguza hamu ya kula kwa madume na majike, hata horini kukiwa kumejaa. Urefu wa mchana ndio unaowaongoza. Mhudumu asiyelijua hili huona mabaki yameongezeka Desemba, anashtuka, anaongeza mahindi ya kuwashawishi, na hapo ndipo anapotengeneza ugonjwa ambao haukuwepo. Kinyume chake, masika hamu hupanda kwa ghafla, na chakula kilichotosha Januari hakitatosha Mei, hasa kwa dume anayeota pembe na jike mwenye mimba ya mwisho.

Kama si msimu, na aliyeacha kula ni mmoja tu, angalia mdomo. Mate yanayodondoka, bonge la majani yaliyotafunwa nusu chini ya hori, uvimbe wa taya au harufu mbaya huonyesha kwamba kula kunamuuma. Bakteria huingia kwenye fizi kupitia vidonda vilivyochomwa na miiba au masuke makali ya hei, na taya huoza. Kulungu mzee aliyepita miaka kumi anaweza kuwa amemaliza meno. Huyo alfalfa iliyokatwakatwa na vidonge vilivyolowekwa vitamsaidia; hei ndefu haitamsaidia hata kidogo.

Usisahau maji. Chakula kikavu hakiliki bila maji, na birika lililoganda barafu usiku au lililochemka juani mchana hushusha ulaji ndani ya siku moja. Wenzetu wanaotunza swala Oman na nchi nyingine za Ghuba wanalijua hilo: birika likiwekwa kivulini, alfalfa inaisha.

## Anakula vizuri lakini anakonda

Hapa jicho lidanganywe na manyoya kidogo iwezekanavyo. Koti la baridi huficha mifupa, hivyo tazama sehemu ya nyuma: nyonga zilizochongoka na bonde pande mbili za mkia. Kama kuna njia ya kupitisha wanyama juu ya mizani, wapime kila mwezi. Namba zinaona mapema kuliko macho.

Kwanza, je, ni kweli anakula? Kulungu wana ngazi za ukubwa, na hori moja humilikiwa na mmoja au wawili. Ukisimama karibu wakati wa kulisha utawaona wote wamekusanyika, utaridhika. Rudi ujifiche mbali. Utamwona mkubwa akishusha masikio, akinyanyua kichwa au kupiga kwato la mbele, na mdogo anarudi nyuma bila kuguswa. Tiba ni mahali pengi pa kulia, pawe zaidi ya idadi ya wanyama, pakiachana, na baadhi yawe nyuma ya kizuizi ili mdogo ale bila kuonekana. Badiliko hili halihitaji dawa wala chakula kipya, na nimeona mara nyingi likimaliza tatizo ambalo watu walikuwa wakilitafutia vitamini.

Pili, kuna kitu tumboni kisichotoka? Katika mji wa Nara, Japani, kulungu sika wanaozurura kwenye bustani hununuliwa na wageni biskuti maalumu za pumba za mchele na unga wa ngano, zisizo na sukari. Wageni wengine huwapa vitu vyao, na vifungashio hubaki na harufu ya chakula. Mwaka 2019, kati ya kulungu 14 waliokufa katika miezi michache, 9 walikutwa na plastiki tumboni, na mmoja alikuwa na kilo 4.3. Plastiki hiyo haiyeyuki wala haicheuliwi. Rumeni inajaa na mnyama anakufa kwa njaa huku akiendelea kutafuna. Kamba za marobota ni hatari hiyo hiyo. Hesabu kamba unazokata kila unapolisha, uhakikishe zote zimetoka nawe.

Tatu, minyoo, kifua kikuu na paratubakulosi. Na kwa waliopo Amerika ya Kaskazini, Korea Kusini au nchi za Skandinavia, kuna ugonjwa wa prioni (protini iliyoharibika inayoambukiza) unaowakondesha kulungu, ulioonekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliokuwa wakifugwa kwenye kituo cha utafiti Colorado. Mnyama mzima anakonda kwa wiki na miezi, anadondosha mate, anakunywa maji mengi, anatembea kama hajui aendako. Hauna tiba, na prioni hubaki kwenye udongo miaka mingi. Ukimshuku mmoja, usimhamishe, usihamishe hata hori lake, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo.

## Anaguguna magome, mifupa, au anakula udongo

Kuguguna mfupa au pembe iliyoanguka si wazimu. Pembe ngumu kwa sehemu kubwa ni kalsiamu na fosforasi, na kwa kulungu wakubwa inaweza kurefuka karibu sentimita 2 kwa siku. Chakula cha siku hakitoshelezi kasi hiyo, hivyo dume hukopa madini kutoka kwenye mbavu zake na kuyarudisha baadaye. Mfupa ukitafunwa mara moja moja, acha. Kundi zima likitafuna mifupa, pima madini ya chakula, ukianza na fosforasi. Kwenye maeneo yenye ugonjwa wa prioni au botulizimu (sumu ya bakteria inayopatikana kwenye mizoga), mifupa iondolewe bila mjadala.

Hamu ya chumvi hupanda masika, kwa sababu majani machanga yana maji na potasiamu nyingi ambavyo husukuma sodiamu nje ya mwili. Jiwe la chumvi liwepo mwaka mzima.

Hapa kuna kosa linalostahili kutajwa peke yake: kuwawekea kulungu jiwe la madini la kondoo. Madini ya kondoo hutengenezwa bila shaba, kwa kuwa kondoo hudhurika nayo upesi. Kulungu wanaihitaji. Wakiikosa, manyoya hupauka, mifupa ya vijana huwa dhaifu, na kulungu mwekundu anayekua huanza kuyumba miguu ya nyuma, kisha hukaa kama mbwa. Uharibifu huo wa mishipa ya uti wa mgongo haurudi. Shaba inaweza kupungua mwilini hata ikiwemo kwenye chakula, pale maji au udongo vina chuma, salfa au molibdenamu nyingi, hivyo daktari apime damu au ini badala ya kukisia. Na kulungu wasishiriki zizi na kondoo kwa sababu nyingine pia: kondoo hubeba virusi ambavyo wao haviwaumizi, ndugu wa vile vya nyumbu ambavyo Wamasai huwaepusha navyo ng'ombe wao wakati nyumbu wanazaa. Kwa kulungu wa Père David na mkia-mweupe, ugonjwa huo mara nyingi ni kifo.

Magome yanayobanduliwa kwenye miti ya zizi yana maana tofauti. Mara nyingi nyuzi hazitoshi, au chakula huja mara moja kwa siku, kikaisha kwa nusu saa, na saa nyingine zote mdomo hauna kazi. Mnyama aliyeumbwa kula na kucheua mchana na usiku atatafuta pa kutafunia. Weka matawi manene yenye magome, ulishe mara nne badala ya moja, kisha tazama kama miti inapumzika. Kwa kulungu mwekundu na sika tabia hiyo ipo hata porini, hivyo mti unaoupenda uzungushie wavu.

Ukikata matawi mwenyewe, jua unachokata. Oleanda, inayopamba barabara nyingi za pwani na Ghuba, inaua kwa majani machache. Rododendroni ni sumu, na Taxus, mti wa makaburi ya Ulaya, haufai kuwekwa zizini hata kama kulungu wa porini huonekana wakiuonja. Mwenye njaa aliyefungiwa hachagui kama aliye huru.

## Mtoto wa chupa hanywi au anaharisha

Maziwa ya kulungu ni mazito. Ya mkia-mweupe yana mafuta na protini karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo ukimpa ya ng'ombe pekee anashiba maji na hakui; ukimjazisha kiasi ili kufidia, anaharisha. Tumia maziwa mazito yaliyokusudiwa kulungu au kondoo, au ya mbuzi, kwa vipimo vya daktari, kidogo na mara nyingi. Dang'a aipate ndani ya saa za kwanza. Bila hiyo hana kinga.

Kama anakataa chuchu, angalia mkao. Asimame, shingo iwe imenyooka na kichwa kimeinuliwa kidogo, ili mfereji wa koo ufunge na maziwa yapite kando bila kuingia rumenini. Akilala chali maziwa huingia mapafuni au huozea rumenini. Baada ya kila mlo mpanguse sehemu za nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kama mama anavyomlamba, la sivyo hatoi haja. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mwachie majani laini, kwani rumeni hukua kwa kazi.

Dume aliyelelewa kwa chupa asiachwe azoee watu mno. Akikua hatawaogopa, na msimu wa kupandana atakuchukulia wewe kuwa mpinzani wake.

## Ukitaka kujua hasa anapenda nini

Chukua beseni tano zinazofanana, weka uzito sawa wa vyakula vitano, zote ziwe majani au hei au vidonge. Usiweke nafaka, itashinda kila siku na haitakufundisha chochote. Ziweke zikiachana, mnyama mmoja kwa wakati, muda ule ule wa asubuhi. Baada ya saa moja pima mabaki. Kesho zibadilishe nafasi, kwa sababu kulungu hupendelea beseni iliyo karibu na pa kukimbilia, na wewe utadhani amependa kilichomo. Beseni ya sita, yenye sampuli ya vyakula hivyo, iwe nje ya zizi, isiyoguswa, ikuonyeshe maji kiasi gani yamekauka kwa upepo na jua.

Siku mbili za kwanza zisihesabiwe. Kulungu huogopa chakula kigeni, hukigusa kwa pua na kuondoka, hata kama wiki ijayo kitakuwa kipenzi chake. Watoto hujifunza cha kula kwa kumfuata mama, kwa hiyo chakula kipya kianzie kwa jike mtulivu mwenye mtoto, na wengine watakuja. Rudia jaribio hilo kila msimu unapobadilika. Aliyechagua alfalfa Februari anaweza kuiacha Juni kwa ajili ya tawi la mwerebi.